Kamera ya Bei Rahisi

Fundi aliinua kamera hadi usawa wa sikio, kisha akaibamiza kwenye kaunta. Paa! Muuzaji akaruka, kopo la kalamu likapinduka.

"Umeona? Haina hata mkwaruzo," Fundi alisema huku akicheka. "Chukua hii, shemeji. Hii hata ukiipiga nyundo itakuamkia shikamoo."

Alikuwa mchomelea vyuma, na mikono yake haikuwahi kujua kushika kitu polepole. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa mshona nguo, mtu mkimya aliyezoea kutunga uzi sindanoni bila haraka. Aliisogeza kando ile kamera ngumu, akaelekeza kidole kwenye kabati la chini.

"Na ile ndogo?"

"Ile ni rahisi kuliko zote," muuzaji alijibu, "lakini haipatani na maji. Ikikudondokea bwawani, iage."

"Inachukua video?"

"Inachukua, na sauti inanasa vizuri."

"Nifungie hiyo."

Fundi alitikisa kichwa. "Rahisi ni ghali, shemeji. Kesho tunaingia majini halafu wewe unabeba biskuti!"

"Itanitosha. Wenzangu wanasema samaki wangu ni wa mdomoni tu. Safari hii nataka niaminiwe."

Fundi hakubishana zaidi. Hakutaka kumuudhi, maana Jumapili wazee wa pande zote mbili walikuwa wanakaa kikao. Mkewe alikuwa amekimbilia kwao kwa mara ya tatu, jicho limevimba. Mara mbili za kwanza, baba yake mzazi ndiye aliyemshika mkono akamrudisha kwa mumewe.

"Kusikia si kuona," mzee alisema kila mara. "Mkwe wangu ananiheshimu. Siwezi kubomoa nyumba ya mtu kwa maneno matupu."

Fundi alihitaji mzee arudie maneno hayo mara moja tu, na mke angekuwa nyumbani kabla jua halijazama. Kwa hiyo shemeji alipomwalika wakavue Jumamosi, moyo wake ulitulia. Mtu hamwaliki adui yake kwenye boti ya watu wawili.

Asubuhi ilikuwa na manyunyu. Walipiga makasia taratibu kando ya matete. Humo, juu ya jiwe, alikaa mvuvi mmoja amejifunika koti la mvua, kofia imeshuka hadi puani. Aliinua kidole kimoja. Fundi naye akainua chake. Ndiyo salamu ya watu wa bwawa, kwa sababu sauti hutembea juu ya maji na kufukuza samaki. Hapo hakuna anayemsemesha mwenzake, wala hakuna anayetia pua kwenye boti isiyo yake. Ukishazoea, mvuvi wa jirani huwa kama kisiki.

Shemeji alishusha nanga papo hapo, hatua kama ishirini kutoka kwenye lile jiwe.

Haikupita saa moja, akanasa kambare mkubwa kama mkono wa mtu mzima. Fundi alichukua rungu akampiga kichwani. Pigo moja lingetosha, lakini alipiga saba, mpaka damu ikaruka kwenye suruali ya shemeji. Alipomaliza alikuwa anatabasamu.

Shemeji alipiga picha, akabonyeza kitu, kisha akaiacha kamera ining'inie kifuani.

"Na dada yangu ulimpiga mara ngapi?"

Fundi alidhani hakusikia vizuri. "Umesemaje?"

"Kesho nitasimama mbele ya wazee. Nitawaambia lile jicho ni kazi ya mkono wako. Harudi kwako tena."

Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni. Ya pili ilimwangusha juu ya kambare. Boti ikayumba, ndoo ikamwaga chambo. Fundi akampandia kifuani kwa goti, akasahau bwawa, akasahau samaki, akafoka kwa sauti yake yote ya karakana.

"Ndiyo, nilimpiga! Na nitampiga tena! Ni mke wangu! Na huyo baba yenu ni mjinga. Nikimwinamia kidogo tu na kumwita baba, ananirudishia mtoto wake kwa mkono wake mwenyewe!"

Alimkamata shemeji kisogoni, akakitosa kichwa chake majini. Akahesabu hadi kumi, akamtoa.

"Sema dada yako ni mwongo!"

Shemeji alikohoa tu. Fundi akamtosa tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi, mpaka miguu ikaanza kupiga sakafu ya boti. Alipomvuta juu ndipo alipoona taa nyekundu, ndogo kama punje ya mtama, ikiwaka kwenye kamera iliyokuwa imebaki upande wa ndani wa boti, haijaguswa na maji.

Akaganda. Halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyenusurika kugongwa na lori.

"Kumbe! Mjanja wewe! Ulitaka kuninasa mimi!"

Aliivuta ile kamera kwa nguvu hadi kamba ikaichana shingo ya shemeji, akairusha mbali alivyoweza. Ilizama mara moja.

"Haya, nenda kawaambie wazee kwamba samaki ni mashahidi!"

Shemeji alijiinua kwa viwiko. Alitema damu na kipande cha jino. Hakuangalia hata kidogo pale kamera ilipozama.

"Ndiyo maana nilichukua ya bei rahisi," alisema.

Nyuma ya Fundi matete yalitikisika. Aligeuka. Yule mvuvi alikuwa ameshuka kutoka kwenye jiwe, maji yamemfika kiunoni, anakuja kwenye boti huku anavua kofia, na chini yake zilikuwa mvi za baba mkwe wake.