Asumini ya Zaina

Bi Mize alitaka kumchorea dada yake asumini iliyochanua uani, kwa kuwa Zaina hakuweza tena kuinuka kitandani akaitazame. Lakini kisanduku cha rangi za maji hakikuwa na nyeupe. Akakoroga poda kwa maji, akapaka. Karatasi ikavimba, maua yakawa kama uji.

Salha, fundi wa hina wa nyumba ya pili, akachungulia. “Bibi, umeyapaka poda kama mabibi harusi!”

“Usinicheke, mwanangu. Nyeupe nitaitoa wapi?”

Salha akaketi, akamsafishia brashi kwa ncha ya kanga yake. “Nyeupe haipakwi, bibi, inaachwa. Hata mimi hina siijazi mkono mzima. Ngozi ninayoiacha ndiyo inayotoa ua. Wewe paka majani tu.”

Bi Mize akachukua karatasi mpya, akapaka kijani polepole, akizuia pumzi kila maji yalipokimbilia ua. Moja lilizama. Mengine yakabaki, meupe.

Hakungoja rangi zikauke. Zaina aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaisogeza puani, akafumba macho. Tone la kijani likamdondokea shavuni, wala hakulifuta.