Dumuzi Ndani ya Chupa

Jumatano, tarehe tisa Julai, manyunyu yalianza alfajiri, na wahadhiri waliingia kongamanoni wakikung'uta miavuli.

Mkuu wa idara alimnong'oneza Dakta Eliwaza. "Dada yangu, sema matokeo yanatia moyo. Uprofesa wako unategemea leo."

Eliwaza aliomba kimoyomoyo, akapanda jukwaani, akaweka mezani chupa ya mahindi yaliyochanganywa na dawa yake ya mizizi. Ndani yake dumuzi, wadudu waharibifu wa nafaka, walikuwa wakitoboa punje bila wasiwasi.

"Dawa hii nimeifanyia utafiti miaka minne," alisema. "Haiui. Wanaila na kunenepa."

Watu walicheka. Mkuu wa idara aliinamisha kichwa.

Profesa Ngwale wa chuo kingine alisimama polepole. "Daktari, sisi tuliijaribu kabla yako. Iliposhindwa, tuliona haya, tukaficha matokeo. Tungeyachapisha, usingepoteza miaka yako."

"Basi yachapishe, Profesa. Huenda kuna mwingine anayeanza kuijaribu sasa hivi."

Mzee Ngwale aliwageukia wenzake ukumbini. "Nyote ni mashahidi. Naahidi nitayapeleka kwenye jarida mwezi huu, na jina langu ndilo litakalotangulia."