Jino la Nyangumi

Balozi wa kigeni alipiga magoti juu ya mkeka, ofisini Suva, mji mkuu wetu, akamnyooshea Waziri wa Mambo ya Nje, Naulumatua, jino la nyangumi kwa mikono miwili. Kwa desturi yetu ya visiwani, anayelipokea amekwisha kukubali ombi.

“Usinifukuze, Mheshimiwa. Nikiondoka, nani atawasemea walinda amani wenu tunaowashikilia? Mwanao yumo.”

“Kumbe kwenu hata kupiga magoti ni vitisho!” Waziri alifoka. “Mmewaua wenzake kwa mabomu, nawe waniletea jino la duka la watalii?”

Halikuwa la dukani. Lilikuwa la kale, lenye rangi ya asali.

Waziri alilitazama. Kisha akatia mikono yote miwili mifukoni.

“Inuka, bwana. Kafungashe mizigo yako.”