Mguu wa Bochaberi

Nesi Abigael alipouliza kama mguu wa mgonjwa ulikuwa ukinyooshwa kila siku, Drusilla alijibu ndiyo, kisha akainama kuchochea moto asije akatazamwa usoni.

Alikuwa hajaugusa mguu ule tangu mahindi yapaliliwe.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa Bochaberi, mama mkwe wake. Kiharusi kilimwangusha Sabato moja akitoka kanisani. Upande wa kulia ukafa ganzi, kinywa kikapinda, ulimi ukafungika. Omwenga, mwanawe wa pekee, alikuwa dereva wa lori Nakuru. Akamtoa mkewe huko, akamleta hapa Nyansiongo, kwenye shamba walilogawiwa wazungu walipoondoka.

"Muuguze mama mpaka apone," alimwambia. "Akipona, nitakuja kukuchukua."

Majirani walimsifu Drusilla, na hawakumsifu bure. Alimwosha mkwewe kwa maji ya vuguvugu, alimgeuza ubavu hadi ubavu asitoke vidonda mgongoni, alimlisha uji wa wimbi kwa kijiko huku akimpangusa kidevu. Shuka za kitanda kile hazikulala na uchafu hata siku moja.

Wasichokijua ni kwamba kila alipomwomba Mungu amponye mama, moyo wake ulimalizia wenyewe: lakini si upesi.

Nakuru kulikuwa na chumba kimoja cha mabati, na mkanda wa Omwenga ukining'inia ukutani. Mkono wa kushoto wa Drusilla ulivunjikia mle, ukaunga vibaya. Hapa shambani, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, aliweza kula akashiba bila kutega sikio mlangoni.

Nesi alikuwa amemfundisha vizuri. Ukunje mguu, uunyooshe. Mkalishe. Halafu msimamishe ashike ukuta. "Ukifanya hivyo kila siku, atatembea kabla ya mavuno," alisema. "Usipofanya, mguu utakauka kama ukuni."

Mwanzoni alifanya. Asubuhi moja, mguu ukiwa mapajani mwake, vidole vikachezacheza. Drusilla alivitazama. Badala ya kumshukuru Mungu, alimkumbuka Omwenga. Akaulaza mguu taratibu, akaufunika blanketi, na hakuukunja tena.

Tangu hapo dhambi hiyo ilimtafuna. Siku ya Meza ya Bwana, akina mama walipoketi wawili wawili kutawadhana miguu, Drusilla aliliona beseni likimjia, akatoka nje akisema tumbo linamuuma. Alisimama nyuma ya kanisa, akalia. Angemwambia nani? Angesema nini? Kwamba anamlemaza mama wa watu apate pa kujificha?

Nyumbani hakuweza kumtazama Bochaberi machoni. Macho ya mama yule yalimfuata jikoni, yakamfuata mlangoni, yakatua kwenye ule mkono uliopinda. Drusilla aliona yanamshitaki. Akazidisha kumtunza kwa kila namna, ila ile moja.

Alasiri moja mvua ilimkuta mtoni. Alikimbia akijua wimbi aliloanika uani limekwisha kuharibika. Alikuta limeingizwa ndani lote, ungo juu ya ungo. Akamshukuru Mong'ina, jirani yao, kimoyomoyo, akaenda kumgeuza mgonjwa. Miguu ya mama ilikuwa baridi. Akaifunika.

Wiki iliyofuata, adhuhuri, lori lilisimama barabarani. Omwenga aliingia bila hodi.

"Nimekutana na nesi sokoni Keumbu," alisema. "Ananiambia kwa bidii yako mama anapaswa kuwa anatembea sasa. Funga vitu vyako."

"Bado hajasimama, Baba Onchiri," Drusilla alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao waliyemzika.

"Atasimama. Mong'ina atakuwa anamtazama." Akamshika ule mkono mbovu, akaukaza. "Au umeshazoea kukaa bila mume?"

Drusilla alitazama chini, na moyoni akakubali. Hii ndiyo adhabu yake, na ilikuwa haki.

Kitandani, Bochaberi aligeuza kichwa. Macho yakazunguka yakabaki meupe. Ute ukamtiririka shavuni, koo likakoroma, kisha harufu kali ya mkojo ikajaa chumbani, na matone yakaanza kudondoka sakafuni chini ya kitanda. Mkono wake mmoja ukawa unavutavuta nguo, ukizipandisha.

Omwenga aliuachia mkono wa mkewe upesi, akageuza uso. Mwana hauoni uchi wa mama yake. Alitoka karibu akimbie, akasemea uani, mgongo ukiwa umeelekea mlango.

"Mwoshe. Baki naye. Huyu hainuki leo wala mwakani."

Lori likanguruma, likashuka mteremko, likapotea.

Drusilla alipasha maji moto. Alibadilisha shuka, akamwosha mkwewe. Ameokoka, na ameokoka kwa uovu wake mwenyewe. Mama wa watu ameoza kitandani ili yeye asipigwe. Hapana. Afadhali Nakuru. Afadhali mkanda.

Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nimekukosea," alisema, machozi yakimdondoka. "Mguu wako niliuacha makusudi. Leo naanza upya. Utatembea, na akija kunichukua nitakwenda."

Akaingiza mikono chini ya blanketi, akaukamata mguu wa kulia.

Mguu ulijivuta ukatoka mikononi mwake. Bochaberi aliketi, akashuka kitandani, akaenda mpaka mlangoni kuhakikisha njia ni tupu, kisha akaurudishia mlango polepole.

"Uache tu, mwanangu," alisema. "Mimi nimepona tangu wakati wa kupalilia."