Jina la Jezi

Jezi mpya ya timu ya kikapu ilichorwa kama kanga, nyekundu yenye pindo. Wengine waliisifia, wengine waliiponda. Siwema alikuwa anaangalia viuno vya wachezaji tu.

"Wifi, umekuja kuangalia mpira au viuno vya watu?" Rukia akamcheka.

"Natafuta jina. Kanga gani haina jina?"

"Kwani hiyo utajifunga?"

Timu iliwaomba mashabiki watume maneno ya kuandika kwenye pindo la chini, lichaguliwe jina moja. Siwema alituma yake, hakumwambia mtu, hata wifi yake. Sasa wachezaji wote wamechomekea, na maneno yamezama ndani ya bukta.

Namba saba akaruka kufunga, jezi ikachomoka. Siwema akasimama. Mwamuzi akamwonyesha kijana achomekee, naye akachomekea kabla Siwema hajasoma.

Filimbi ya mwisho ikalia. Siwema hakujua hata nani kashinda. Namba saba akaja upande wao, jasho linamtiririka, akaanza kuivuta jezi juu ajifute uso.

Ikatokea herufi M.

Maneno ya Siwema pia yalianza na M. Akamshika wifi yake mkono.