Tumbo la Gune

Tumbo ndilo lililotangulia kuonekana darajani, kisha Gune mwenyewe nyuma yake, kajipaka unga uso mzima, kavaa gauni la maua na miwani nyeusi, mkono mmoja kiunoni. Askari wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo.

Koplo Lokosang alicheka kuliko wote. Alimjua Gune tangu utotoni, katika kambi ya wakimbizi kule Adjumani, enzi hizo Gune akiwa kijana mwembamba anayepiga kinanda cha nyuzi, adungu, ili apewe sahani ya maharagwe. Huko ndiko alikombuni Mama Mizigo, mke mwenye mimba ya miaka miwili, anayemwimbia mumewe mlevi matusi matamu. Vita viliwarudisha watu nyumbani, vikawafukuza, vikawarudisha tena, na Mama Mizigo akawafuata kote. Mwisho wa kila onyesho Gune alilichomoa tumbo kipande kwa kipande: chandarua cha msaada, pazia, suruali ya mume. Mwaka huu alikuwa ametia fora zaidi. Watu wa Gumbo, upande huu wa mto, walisema ni kwa sababu mkewe wa kweli, Natalina, ana mimba, na jamaa anajifunza mwendo nyumbani kwake mwenyewe.

Siku ile daraja lilikuwa limefungwa. Milio ya risasi ilisikika upande wa Jebel, na amri ilikuwa moja: raia asivuke kwenda mjini, awe mgonjwa wa hospitali, awe padri. Tangu asubuhi Lokosang alikuwa amewarudisha watu mpaka akaichoka sauti yake. Gune peke yake, na mwenzake Emilio anayeigiza mume, ndio waliokuwa na barua, kwa kuwa kamanda alitaka wanajeshi wake wachekeshwe jioni ile.

Sajini Marino aliisoma barua mara mbili. Juma lililopita askari mmoja alimpitisha mwanamke aliyeficha risasi kwenye gunia la unga. Mwanamke hakuonekana tena, na askari naye hakuonekana tena. Kwa hiyo sajini hakuwa na haraka. Akasema waimbe kwanza, palepale barabarani, ajue kama ni wachekeshaji kweli.

Mume, kofia imeshuka mpaka karibu na masharubu yake ya masizi, akaishika adungu akaanza kupiga. Lokosang alishangaa kidogo. Hakuwahi kumwona Emilio akipiga chombo chochote, sembuse kukipiga namna ile. Mama Mizigo akaegemea chuma cha daraja, akavuta pumzi, akaimba.

Na aliimba, jamani. Kila ubeti ulianza vizuri ukaishia kwenye mguno. Alimlaani mume, akamlaani mama aliyemzaa mume, akailaani siku aliyoipokea soda yake ya kwanza. Katikati ya ubeti wa tatu akainama, akakishika chuma kwa mikono miwili na kuunguruma kama ng'ombe, na mume akasahau kupiga. Askari walikuwa hoi, wengine wamekaa chini wameshika mbavu. Mmoja aliiweka bunduki pembeni ili acheke kwa nafasi. Lokosang machozi yalimtoka. Juma zima hakuwa amesikia sauti ya kufurahisha, na sasa alijiona anampenda kila mtu aliye darajani, hata sajini.

Mama Mizigo akajifuta jasho, na unga ukafanya michirizi mashavuni. Akasema, kwa ile sauti ya kike ambayo watu walivuka mto kuja kuisikia, "Ya jamaa, huyu mtoto hajui kusoma barua. Mtuachilie twende."

Wakaangua kicheko upya. Sajini Marino peke yake ndiye hakucheka.

"Lokosang," akasema, "angalia hiyo tumbo. Mimi nataka kujua iko nini ndani."

Lokosang akaacha kucheka. Sasa akalitazama tumbo kwa macho ya kazi. Lilikuwa limekaa chini kuliko alivyolizoea, na halikutikisika ovyo kama matambara. Mume naye alikuwa ameacha kupiga, vidole vimeganda kwenye nyuzi.

Akajiuliza: Gune, ndugu yangu, umebeba nini leo? Risasi zikipatikana, mtu aliyemchekesha tangu utotoni hataiona jioni, na mkono utakaokuwa umemmaliza ni huu wake. Akizificha na baadaye zikajulikana, basi ni zamu yake mwenyewe. Alitamani ardhi impasukie, lakini alikuwa amesimama juu ya daraja.

Akasogea. Wenzake bado walikuwa wakicheka na kumchagiza amsalimie mtoto.

"Nisamehe, kaka," akanong'ona.

Mama Mizigo akakaza mikono kwenye chuma. Alikuwa ameuma midomo, pumzi zinampanda na kumshuka. Lokosang akaweka kiganja juu ya maua ya gauni. Tumbo lilikuwa gumu kama kibuyu. Nyuma yake alisikia buti za sajini zikikaribia, akafumba macho, akabonyeza.

Tumbo likampiga teke. Akafumbua macho, akamtazama mpiga adungu: chini ya kofia yalikuwa macho ya Gune.

"Matambara tu, afande," Lokosang akapaza sauti, tayari anakimbia kwenda kuinua kizuizi.