Kikombe cha Kwanza

Shule isiyochoma kuni wala mkaa ilikuwa imekamilika, na wazazi walijazana kwenye mlango wa jiko. Bi Tausi, mpishi, akamkabidhi Salha kikombe cha kwanza cha chai. Salha ndiye aliyeichora shule ile: umeme wa jua, na gesi ya kupikia itokayo kwenye shimo la choo cha wanafunzi.

"Wanangu walishwe chakula cha mavi?" wazazi walikuwa wakimaka tangu mwanzo, wakitema mate chini. Naye Salha aliwacheka, akawaita washamba.

"Kunywa, mwanangu," alisema Bi Tausi. "Ukinywa wewe, nasi tutakunywa."

Chai ilinukia iliki. Moto ni moto tu, Salha alijua hilo kuliko wote. Lakini asubuhi alikuwa amelichungulia lile shimo, na sasa alipopiga funda aliwaona tena akilini funza wa shimoni wakigaagaa. Chai ikagoma kushuka, kichefuchefu nacho kikapanda kuilaki.

"Tamu?" mama mmoja akauliza.

Salha akaitikia kwa kichwa, mashavu yametuna, machozi yakimlengalenga. Watoto waliosimama mbele ya wazazi wao hawakumtazama usoni. Walimkodolea macho kooni, vikombe mkononi, wakingoja.